Mercedes-Benz W123 au W124: Saluni Mbili za Zama Mbili na Namna ya Kuchagua

Mtu anayetafuta saluni ya zamani ambayo ataiendesha kweli, si ya kufunikwa turubai na kutolewa siku za sikukuu, mara nyingi hujikuta amesimama kati ya magari mawili ya Mercedes-Benz yanayofuatana: W123, lililozinduliwa mwanzoni mwa 1976, na W124, lililokuja kuchukua nafasi yake mwishoni mwa 1984. Kwa kalenda yametengana kwa miaka tisa tu, lakini kiufundi ni ya zama mbili. La kwanza limejengwa kwa chuma kizito na mifumo ambayo karibu yote husukumwa na kitu unachoweza kukishika kwa mkono. La pili lilibuniwa baada ya misukosuko ya bei ya mafuta ya 1973 na 1979, wakati ambapo wahandisi walidaiwa wepesi, umbo linalokata upepo na vidhibiti vya umeme.

Ubishi kuhusu lipi ni bora haumsaidii sana mnunuzi. Barabarani W124 hushinda karibu kwa kila kipimo, na anayekataa hilo ama hajaliendesha ama anatetea alichonacho. Linalomsaidia mnunuzi ni kujua kila gari huzeekea wapi. W123 huzeekea kwenye bodi, mahali ambapo jicho na ncha ya bisibisi vinafika. W124 huzeekea zaidi ndani ya vitu vilivyojificha, yaani waya, hedi ya aluminiamu, bushi na rilei, na kwa hiyo mwaka wa kutengenezwa na injini iliyomo vina uzito mkubwa kuliko mng'aro wa rangi.

Kwa ukubwa hayatofautiani kama watu wanavyodhani. W123 lina urefu wa karibu mita 4.73 na W124 karibu mita 4.74, ila W124 ni jembamba kwa takriban sentimita tano, jambo linaloonekana pale unapolipitisha kwenye geti finyu. Tofauti kubwa iko kwenye upepo. Kipimo cha ukinzani wa hewa cha W123 ni takriban 0.42, ilhali matoleo mepesi ya W124 yalishuka hadi 0.29 au 0.30, kiwango kilichokuwa cha ajabu kwa saluni ya familia ya wakati ule. Kwa mwendo wa mjini namba hizo hazina maana kubwa. Ukifika kilomita 100 kwa saa na kuendelea, W123 huanza kuvuma kwenye nguzo za kioo cha mbele na kudai mafuta zaidi, na W124 hutulia.

Injini ndizo zinazostahili kuchunguzwa kwa muda mrefu, hasa za dizeli, kwa sababu ndizo zilizoyapa magari haya jina. W123 lilitoka na dizeli za silinda nne za 200D, 220D na 240D, na ya silinda tano ya 300D. Ile ya 240D, yaani OM616 ya lita 2.4, ilianza na nguvu farasi 65 na baadaye ikapandishwa hadi 72. Ya 300D, yaani OM617 ya lita 3.0, ilianza na 80 na kufikia 88. Matoleo yaliyofungwa turbo yalifika 125. Hizi ni injini zenye hedi nzito ya chuma, si aluminiamu, yaani chuma kilichosubiwa kwenye kalibu kama bloku yenyewe, zikiwa na cheni ya taimingi ya safu mbili na pampu ya dizeli inayofanya kazi bila waya wowote wa umeme kuiamrisha. Vali zake hurekebishwa kwa mkono, kwa spana na filagejia (vibamba vya kupimia nafasi), kila baada ya kilomita 20,000 hadi 25,000 hivi, na mmiliki anayelipuuza hilo hupata injini inayowaka kwa shida asubuhi na kupoteza nguvu polepole hadi aanze kuilaumu pampu isiyo na kosa.

Uvumilivu wa injini hizi si hadithi tupu, lakini umezungukwa na hadithi. Mara nyingi husimuliwa kwamba W123 la dereva teksi wa Ugiriki lilitembea kilomita milioni 4.6. Gari hilo lipo, na mwenyewe, Gregorios Sachinidis, alilikabidhi kwa makumbusho ya Mercedes-Benz mwaka 2004. Ila lilikuwa 240D la 1976 la umbo la W115, yaani lile lililotangulia W123, na katika maisha yake lilibadilishiwa injini mara nyingi. Kwa hiyo anayekuuzia W123 kwa kulitaja gari lile anakuuzia sifa za jirani.

Bei ya uvumilivu huo ni upole wa mwendo. 240D la farasi 72 huchukua takriban sekunde 22 kufika kilomita 100 kwa saa na husimama karibu na 143 kama mwendo wake wa juu kabisa. Kwenye mlima mrefu likiwa na abiria watano, dereva hushuka gia ya tatu, kisha ya pili, na kukubali kupitwa na malori. Mtu asiye na subira asijidanganye kwamba atazoea.

W124 lilikuja na familia mpya ya dizeli: OM601 ya silinda nne kwenye 200D, OM602 ya silinda tano kwenye 250D, na OM603 ya silinda sita kwenye 300D. Nguvu zake zilianzia farasi 72, 90 na 109 kwa mfuatano huo, na 250D hufika kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 16 hadi 17, likiweza kukimbia hadi karibu 175. Linganisha 200D la gari jipya na 240D la gari la zamani: nguvu ileile ya farasi 72, injini ndogo zaidi, gari jepesi zaidi, mafuta machache zaidi, na vali zinazojirekebisha zenyewe kwa oili. Hata kelele ilifikiriwa, kwa maana injini ilizungushiwa ngao, pamoja na sinia kubwa la chini linaloziba sauti ya dizeli. Magari mengi leo hayana sinia hilo, kwa sababu fundi alilifungua kubadilisha oili miaka mingi iliyopita na hakulirudisha.

Lakini hedi za injini hizi ni za aluminiamu, na hapo ndipo zama mbili zinapoachana. OM616 ikichemsha mara moja kwa sababu ya mpira wa maji uliopasuka, mara nyingi husamehe. OM603 haisamehi hivyo. Baadhi ya hedi zake za mwanzo zinajulikana kwa kupasuka, na dalili ya kwanza huwa maji yanayopungua bila kuonekana yanakokwenda. Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hulisema mara chache. Pampu ya vakyumu (ya kufyonza hewa) ya OM602 na OM603 husukumwa kutoka sehemu ya taimingi, na beringi yake ikisagika, vipande vyake huweza kuangukia kwenye cheni na kuiua injini iliyokuwa nzima dakika moja kabla. Aliyenunua W124 la dizeli bila rekodi ya pampu hiyo kubadilishwa afanye hilo kuwa jambo la kwanza, kabla ya redio na kabla ya matairi mapana.

Kwa upande wa petroli, ushauri wangu juu ya W123 ni mfupi. 230E la kuanzia 1980 ndilo lenye busara, kwa kuwa injini yake ya M102 inapata petroli kwa mfumo wa kimakanika wa K-Jetronic ambao fundi mtulivu huuelewa. 280E ni tamu, lina kemshafti mbili na sauti nzuri, ila linakunywa. 250 lenye kabureta ya Solex 4A1 ya midomo minne ni la mtu anayependa kabureta kuliko anavyopenda kusafiri. Jambo moja la kuangalia kwenye M102 za mwanzo, iwe ndani ya W123 au ndani ya W124 za mwanzo, ni cheni ya taimingi ya safu moja, ambayo hurefuka na hatimaye kukatika. Baadaye kiwanda kilirudi kwenye safu mbili.

Petroli ya W124 inahitaji kugawanywa kwa miaka. Hadi 1992 gari lilitumia zaidi M102 ya silinda nne na M103 ya silinda sita kwenye 260E na 300E, zote zikiwa na vali mbili kwa kila silinda na nyingi zikiwa na mfumo wa KE-Jetronic, ambao ni K-Jetronic ulioongezewa ubongo mdogo wa umeme. M103 huvuja oili mbele kwenye kifuniko cha taimingi na hutoa moshi wa buluu asubuhi sili za vali zikichakaa, lakini ni injini ya kudumu. Kuanzia mwishoni mwa 1992 zikatawala injini za vali nne kwa kila silinda, M111 na M104, zenye nguvu zaidi na ulaji nafuu. Kwa karatasi ndizo bora. Kwa bahati mbaya zilikuja na waya ambazo ndizo mashaka makubwa ya gari zima.

Waya za injini za takriban 1992 hadi 1995 zilivikwa ganda lililokusudiwa kuoza kirahisi gari likishatupwa. Ganda hilo halikusubiri gari litupwe. Joto la injini hulikausha, likawa gumu kama maganda ya karanga, na ukilikunja kidogo karibu na nozeli au karibu na bodi ya throto, linabanduka vipande vipande na kuacha shaba ikiwa uchi. Baada ya hapo gari huanza kuhangaika: sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka, taa zinawaka kwenye dashibodi, injini inazimika kwenye makutano, na kompyuta ya bei kubwa inaweza kuungua kwa sababu ya nyaya mbili kugusana. Dawa ni kubadilisha fungu lote la waya, na fungu jipya huwa na kibandiko chenye tarehe ya kutengenezwa. Muuzaji akisema tayari zimebadilishwa, mwombe akuonyeshe kibandiko. Kufunga utepe mweusi juu ya ganda lililopukutika si matengenezo, na ukiuona utepe huo mwingi chini ya boneti, umeshapata jibu.

W124 za petroli za kabla ya hapo zina ugonjwa wao mdogo ambao hutesa sana kwa sababu hufanana na magonjwa makubwa. Nyuma ya betri, kwenye ukuta wa injini, kuna rilei ya kulinda mifumo dhidi ya umeme mwingi, yenye fyuzi nyekundu juu yake chini ya kifuniko kidogo cha plastiki. Risasi iliyochomelewa ndani yake hupata nyufa, na gari linawasha taa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga wakati wa breki) huku injini ikinguruma vibaya. Watu wameuza magari mazuri kwa hasara kwa sababu ya kifaa kinachoenea kiganjani.

W123 la dizeli halina mambo hayo, ila lisisifiwe kupita kiasi. Yale ya miaka ya mwanzo, hadi karibu 1980, yalikuwa na hita plagi, yaani plagi za kupasha silinda joto kabla ya kuwasha, zilizounganishwa kwa mfululizo: moja ikikatika, zote hufa, na gari halitawaka kukiwa na baridi. Dereva huvuta swichi ya kuwasha na kusubiri bila dalili yoyote. Zilizofuata ziliunganishwa kila moja peke yake, zikapasha haraka zaidi, na ikifa moja gari huwaka kwa kukohoa tu. Injini nyingi za zamani zimeshabadilishiwa mfumo huo, na ni vema kuuliza.

Kuhusu kukaa barabarani, usukani wa magari yote mawili ni wa sanduku la gololi, kwa hiyo anayetarajia W124 kuwa na usukani mkali wa gari la kisasa atakata tamaa. Maendeleo yako nyuma. W123 lina mikono ya nyuma ya mshazari ambayo, gari likibeba mzigo, hulaza matairi kwa ndani; W124 lilipewa mikono mitano kwa kila gurudumu, mfumo ulioanza kwenye 190 ya 1982, na gurudumu husimama wima kwenye kona na kwenye mashimo. Ndiyo sababu W124 lenye bushi nzima hutulia kwa namna ambayo magari mengi mapya hayajafikia. Lakini mikono mitano ni bushi nyingi. Zikichoka, tairi huliwa upande mmoja na nyuma ya gari huyumba kana kwamba linasukumwa na upepo, na kuzibadilisha moja moja kila moja inapolalamika ni kupoteza fedha za fundi. Zibadilishwe zote kwa mkupuo, kisha gari lifanyiwe alaimenti.

Kutu ndiyo inayoamua hatima ya W123, na hapa mnunuzi asione haya kulala chini. Mahali pa kuangalia ni sehemu za kuingizia jeki, sakafu chini ya kapeti, shimo la tairi la akiba, madigadi za mbele kuzunguka taa, na ukingo wa chini wa kioo cha mbele. Hapo pa mwisho ndipo panapodanganya. Mpira wa kioo ukionekana umevimba hata kidogo, maji yameshaingia, na kutengeneza chuma cha chini yake kunataka kioo kitolewe na mtu mwenye mkono wa kuchomelea bati jembamba. Injini ya W123 iliyochoka hubadilishwa kwa siku chache, lakini bodi iliyooza hula fedha kwa miaka.

W124 hustahimili kutu vizuri zaidi, ila si yote kwa kiwango kimoja. Baada ya maboresho ya 1989 milango iliwekewa mabamba makubwa ya plastiki ubavuni, nayo hupendeza, huku yakificha sehemu za jeki ambazo huoza kimyakimya. Magari ya miaka ya mwisho, kuanzia 1993 yalipoanza kuitwa E-Class na kupewa grili iliyounganishwa na boneti, mara nyingi hukutwa na kutu kwenye madigadi za mbele kuliko ndugu zake wakubwa wa 1988. Mnunuzi anayefikiri kwamba gari la mwaka wa karibuni ndilo lililo zima zaidi atakosea mara mbili hapo, kwenye bati na kwenye waya.

Kwa usalama, yote mawili yana maeneo yanayojikunja mbele na nyuma, na breki za diski magurudumu yote. ABS ilipatikana kwa kulipia ziada kwenye W123 kuanzia 1980, kwa hiyo yenye nayo ni machache. Kwenye W124 ni ya kawaida zaidi. Mwenye familia na safari za usiku angefanya vema kutolichukulia hilo kuwa jambo dogo.

Ndani, W123 lina viti vya springi vinavyobonyea kama kitanda na W124 vina uthabiti zaidi. Ni suala la mgongo wa mtu. Waipa moja ya W124, inayojirefusha kufikia pembe za kioo na kufuta asilimia 86 yake, huwafurahisha watoto na kuwachosha mafundi, kwani gia zake ndogo zinataka grisi ambayo hakuna anayekumbuka kuipaka. AC ikiwa imekufa, uliza kwa nini, kwa kuwa evapareta ya W124 ikivuja, dashibodi nzima lazima ishushwe.

Basi, mwenye fundi mzuri wa makanika lakini asiye na fundi wa umeme wa kuaminika, anayetembea masafa mafupi na asiye na haraka, achukue W123 la 240D au 300D la baada ya 1980, na alipie bodi nzima kuliko injini nzima. Anayesafiri umbali mrefu kila wiki, anayebeba abiria na anayehesabu lita, achukue W124 la 250D, lililotengenezwa kati ya 1986 na 1991, na nisingesita hata kama lina kilomita nyingi. 300E la miaka hiyohiyo linafaa kwa asiyependa dizeli. W124 la M104 ni gari la tatu kwa mpangilio wangu, na liingie tu kama waya zimeshabadilishwa na gasketi ya hedi haitoi oili pembeni, kosa ambalo injini hiyo inalo kwa asili.

Ukienda kuliona gari, muuzaji aambiwe mapema asiliwashe. Gusa bloku kwa kiganja. Likiwa la moto, rudi siku nyingine. Liwashwe baridi, kisha kwenye dizeli fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa sailensi na ukiache kimelala juu ya tundu lake. Kikitikisika kidogo, ni kawaida. Kikirushwa na moshi ukafuata kwa mapigo, ringi zimechoka. Endesha nusu saa, panda mlima, kisha liache lisimame likiunguruma na AC ikiwa imewashwa huku ukitazama geji ya joto, hasa kwa W124. Mwisho zima kwa ufunguo. W123 la dizeli huzimwa kwa vakyumu, na hewa ikivuja kwenye kibomba cha mpira cha loki za milango, injini huendelea kuunguruma ufunguo ukiwa mkononi mwako. Chini ya boneti kuna kishikio kilichoandikwa STOP cha kuizima kwa mkono. Punguza bei kwa kasoro hiyo, lakini usiliache gari zuri kwa ajili ya kipande cha mpira.